Mpelelezi na Kosa Lake: Namna ya Kuandika Msako wa Muuaji, Hatua kwa Hatua

Juni 1979 kaseti moja ilifika kwa posta mezani kwa ofisa aliyeongoza msako wa muuaji wa wanawake kaskazini mwa Uingereza. Sauti ya kiume, ya taratibu, ilimwita ofisa huyo kwa jina lake na kumwambia kuwa bado hana bahati ya kumkamata. Wataalamu wa lafudhi waliisikiliza wakasema msemaji ni mtu wa Sunderland, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Tangu siku hiyo, mwanamume asiyezungumza kama watu wa Sunderland alikuwa na nafasi kubwa ya kufutwa kwenye orodha ya washukiwa. Peter Sutcliffe, muuaji mwenyewe, hakuzungumza hivyo. Katika miaka ya msako alihojiwa mara 9 na kuachwa aende zake, na baada ya kaseti kufika aliua wanawake 3 zaidi. Alinaswa Januari 1981 mjini Sheffield na askari wa doria waliotilia shaka namba bandia za gari lake. Ile sauti ilikuwa ya mzushi asiyehusika na kifo hata kimoja, na vinasaba (DNA) vilivyobaki kwenye bahasha vilimfichua mwaka 2005.

Kila ninapoketi kumuumba mpelelezi mpya huwa narudi kwenye kaseti hiyo. Anayenirudisha ni yule ofisa: mtu mwenye uzoefu, mchapakazi, aliyeitaka haki kwa moyo wake wote, akasikia sauti na akaiamini. Hadithi ya kawaida ya upelelezi huuliza nani aliyeua. Riwaya ya kisaikolojia ina swali la pili, nalo ndilo linaloumiza: kwa nini mpelelezi hakuona? Mwongozo huu unalifuata swali hilo la pili kuanzia wazo la kwanza hadi rasimu ya mwisho.

Hatua ya 1: Tafuta kosa lake kabla ya jina lake

Miswada mingi humleta mpelelezi akiwa na kipaji. Anakumbuka kila uso, ananusa uongo, haachi kitu kimpite. Kisha mwandishi humwongezea ulevi au talaka ili aonekane binadamu. Mpelelezi wa aina hiyo hana anachoweza kupoteza ndani ya kesi, kwa sababu udhaifu wake uko nje ya kazi yake. Akinywa usiku, asubuhi bado ana akili ileile kali, na msomaji anajua fika kwamba atashinda.

Anza upande wa pili. Andika sentensi moja yenye nafasi tatu za kujaza: kwa sababu aliwahi kupatwa na jambo fulani, anaamini jambo fulani, kwa hiyo hataliona jambo fulani. Ukishindwa kuijaza, usiendelee na sura ya kwanza. Kaa nayo hata wiki nzima.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho ili tusipotee. Mpelelezi wetu ni inspekta, mwanamke wa miaka 41. Alipokuwa na miaka 9 aliona jambo nyumbani kwao, akalisema, na hakuna mtu mzima aliyemsikiliza. Kwa sababu hiyo anaamini kwamba mtoto akisema ameona, ameona. Kwa hiyo hataliona kosa litakaloingia kupitia kinywa cha mtoto.

Angalia vizuri imani hiyo. Ni nzuri. Ni ya huruma, na katika kesi nyingi zilizopita imemsaidia kuwaokoa watoto ambao wenzake waliwapuuza. Kosa la mpelelezi linatakiwa lichipuke kwenye jambo lililo bora zaidi ndani yake, kwa sababu hapo hawezi kulikata bila kujikata mwenyewe. Kiburi na uvivu ni makosa mepesi mno. Msomaji huyaona mapema, na akishayaona huanza kumdharau mhusika badala ya kumhofia.

Hatua ya 2: Mwandike muuaji usiyemchapisha

Kabla ya kuanza riwaya, andika kurasa 10 ambazo hakuna atakayezisoma: kisa kizima jinsi muuaji mwenyewe angekisimulia. Alianza kufikiria lini? Alipofika nyumbani usiku ule alifanya nini cha kwanza? Nani alimpigia simu asubuhi yake, na alijibu kwa sauti gani? Kurasa hizo ndizo zitakazokuzuia kubadilisha ukweli katikati ya kitabu pale utakapobanwa.

Hapa nina ombi la dhati. Usimfanye muuaji kuwa "kichaa" ukadhani umemaliza kazi. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo na kupoteza mshiko wa uhalisia ni mgonjwa, na wagonjwa wa namna hiyo kwa wingi wao hawamdhuru mtu. Saikopathi ni jambo jingine kabisa. Yeye anaujua uhalisia vizuri, anajua jema na baya, ila mateso ya mwenzake hayamgusi. Kuyachanganya mawili hayo ni kosa la kitaalamu, na pia ni kuwaumiza bure watu ambao tayari wanabeba mzigo wa maradhi na wa kutazamwa vibaya.

Tena mauaji mengi hayahitaji saikopathi. Mara nyingi aliyeua ni mtu anayejulikana na aliyeuawa, na kinachomsukuma huwa kitu kidogo kuliko tunavyotaka kuamini: aibu, deni, hofu ya kuachwa, siri inayokaribia kutoka. Jiulize analinda nini. Swali hilo lina faida kuliko kujiuliza anachukia nini, maana mtu anayelinda kitu huendelea kutenda hata baada ya mauaji, na msako unahitaji mwindwa anayetembea.

Muuaji naye apewe kosa lake. Dennis Rader aliua watu 10 katika eneo la Wichita, Marekani, kati ya 1974 na 1991, huku akiishi na mke na watoto na kupanda hadi kuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa lake. Alipoanza tena kuwaandikia polisi, aliwauliza kama wangeweza kufuatilia diski ya kompyuta hadi kumfikia. Wakamjibu kwa tangazo la gazeti kwamba hakuna shida. Akaituma. Ndani ya diski kulikuwa na mabaki ya faili yenye jina lake la kwanza na jina la kanisa, na Februari 2005 akakamatwa. Mtu aliyewadanganya wote kwa miaka 30 aliamini kwamba yeye hawezi kudanganywa. Ukiweka imani mbili za namna hiyo, ya mpelelezi na ya muuaji, zikabiliane, ploti itaanza kujisukuma yenyewe.

Katika mfano wetu, aliyeuawa ni mwalimu wa muziki, amekutwa kwenye stoo ya vyombo vya muziki shuleni. Muuaji ni mwalimu mkuu msaidizi, mtu mpole anayependwa na wazazi, ambaye mwalimu wa muziki alikuwa amegundua kwamba anachota fedha za ada. Analinda jina lake, basi.

Hatua ya 3: Mpe marehemu mambo matatu aliyoyaacha njiani

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Andika mambo matatu ambayo marehemu alikuwa hajamaliza siku aliyokufa: barua isiyotumwa, kiatu kilichopelekwa kwa fundi, ugomvi na dada yake uliokuwa umeanza kupoa. Jambo moja liwe na uzito kwenye kesi, mawili yasiwe na uzito wowote isipokuwa kwamba alikuwa mtu. Hayo mawili ndiyo yatakayomrudisha msomaji kwenye huzuni pale msisimko unapotaka kuimeza.

Ukiazima kutoka tukio la kweli, badilisha kiasi cha kutosha ili familia isijione. Wazazi na watoto wa waliouawa husoma vitabu kama watu wengine.

Hatua ya 4: Jifunze mwili unasema nini, na nani anayeruhusiwa kuusoma

Mpelelezi hafanyi kila kitu. Mafundi wa eneo la tukio hupiga picha, hupima na kukusanya. Daktari wa uchunguzi wa maiti hueleza sababu ya kifo. Maabara hujibu kwa wakati wake, na majibu ya sumu huchukua wiki kadhaa. Mwandishi akimwachia mpelelezi mmoja kazi zote hizo, anapoteza kitu chenye thamani kubwa kwa riwaya ya kisaikolojia, nacho ni kusubiri. Mtu anayesubiri majibu huanza kuyajaza mapengo kwa anachokiamini.

Muda wa kifo ndiyo sehemu inayokosewa zaidi. Daktari akiinama na kusema "saa tatu na robo usiku", mswada umeshaharibika. Mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache, kwanza kwenye misuli midogo ya kope na taya, hufikia ukakamavu kamili baada ya takriban saa 12, na hulegea tena siku ya pili au ya tatu. Joto huharakisha yote hayo, baridi huyachelewesha. Damu hutuama upande uliolala chini na kuacha madoa ya zambarau ambayo, baada ya saa 8 hadi 12 hivi, hayahami tena hata mwili ukigeuzwa. Nzi wanaotaga mayai kwenye maiti wanaweza kufika ndani ya dakika chache iwapo mlango uko wazi, na umri wa mabuu yao huwasaidia wataalamu kukadiria siku. Kila kipimo hutoa kadirio lenye upana, si dakika.

Upana huo ni rafiki yako. Daktari anaposema "kati ya saa mbili na saa sita usiku", muuaji amepata saa nne za kujificha na mpelelezi amepata saa nne za kukosea. Madoa ya damu yakiwa mgongoni wakati maiti imekutwa kifudifudi, inspekta anajua kwamba mwili uligeuzwa saa nyingi baada ya kifo. Nani alirudi? Kwa nini? Swali moja kama hilo lina nguvu kuliko sura nzima ya damu kuruka ukutani.

Vitu vidogo vya kazi humfanya msomaji akuamini. Nguo yenye damu mbichi hufungwa kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki hubakiza unyevu na ushahidi huota ukungu. Kila anayeshika kielelezo huweka saini, tarehe na saa, na saini moja ikikosekana wakili wa utetezi ana mlango wa kuingilia. Ile dawa inayoifanya damu ing'ae gizani hung'aa pia penye dawa ya kufulia yenye klorini, kwa hiyo sakafu iliyosafishwa kwa bidii inaweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Tumia kimoja au viwili kwa sura. Ukivimwaga vyote utakuwa umeandika ripoti.

Hatua ya 5: Acha kumbukumbu ivunjike mkononi mwake

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, na ningekushauri nawe ukae.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yaliyopata ajali, kisha wakawauliza mwendo wake. Walioulizwa magari yalikwenda kasi gani "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana". Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyopasuka. Kati ya watu 50 waliosikia neno la kubamizana, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia la kugongana, walikuwa 7. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichopasuka.

Jaribio hilo lina maana kubwa kwetu sisi waandishi. Neno moja la muulizaji linaingia ndani ya kichwa cha shahidi, linalala wiki moja, na linaamka likiwa kumbukumbu. Shahidi hasemi uongo. Anaviona vioo.

Sasa mweke inspekta wetu mbele ya mtoto wa miaka 8 aliyekuwa amesahau daftari lake shuleni akalirudia jioni. Sheria inataka mtu mzima akae naye, na mama yake hajafika bado, kwa hiyo anayekaa naye na kumshika mkono ni mwalimu mkuu msaidizi. Kinasa sauti kiko mezani.

"Uliona nini, mwanangu?"

"Mtu alizima taa ya stoo."

"Koti lake lilikuwa la rangi gani?"

Mtoto akamtazama mwalimu wake. Kisha akaitazama meza.

"La kahawia."

Mistari hiyo inabeba riwaya nzima. Mtoto hakutaja koti. Koti limetoka kwa inspekta, kwa sababu mlinzi wa shule, ambaye inspekta alishamwona getini, huvaa koti refu la kahawia na picha hiyo tayari ilikuwa imekaa kichwani mwake. Mtoto anataka kumridhisha mtu mzima aliyemwita mwanangu. Na mwalimu mkuu msaidizi, aliyeingia chumbani akitetemeka, ametoka akiwa amepewa zawadi ambayo hakuiomba. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimekaa kwenye kiti cha mlezi.

Usiyaeleze hayo pale pale. Usiandike kwamba inspekta hakutambua alichofanya. Andika mazungumzo, funga sura, nenda mbele. Msomaji makini atapata mkwaruzo asioweza kuutaja, na mkwaruzo huo ndio taharuki ya aina hii ya riwaya.

Hatua ya 6: Andika mahojiano kwa maswali mapana na ukimya

Chumba cha mahojiano kimeharibiwa na meza zinazopigwa ngumi. Tangu miaka ya 1990 polisi wa England na Wales hufundishwa utaratibu wa kujiandaa, kumwacha mhojiwa asimulie mwenyewe, kisha kulinganisha simulizi yake na ushahidi, bila kulenga kumlazimisha akiri. Utaratibu huo umezaliwa kwa sababu kulazimisha kulikuwa kunazaa maungamo ya uongo. Mwaka 1986, katika jimbo la Leicestershire, kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana ambaye hakumuua. Kilichomwokoa ni vinasaba, vilivyotumika kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, na ndivyo hivyo hivyo vilivyomfunga muuaji wa kweli mwaka 1988. Mtu asiye na hatia anaweza kukiri akiwa amechoka, akiwa na hofu, au akitaka tu aruhusiwe kwenda nyumbani. Riwaya yako isiichukulie kauli ya "nimekubali" kuwa mwisho wa kesi.

Uachane pia na macho yanayofichua uongo. Uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi, ukachapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watu hutambua uongo kwa kiwango cha takriban asilimia 54, yaani kidogo tu zaidi ya kurusha sarafu, na wataalamu wa kazi hiyo hawakuwa bora kwa namna ya kutajika. Kwa mwandishi wa saikolojia hii ni habari njema sana. Mpelelezi wako anaweza kuwa na uhakika kamili, akamwona mtu akitoa jasho na kukwepa macho, na akawa amekosea kabisa.

Huyu hapa mlinzi wa shule:

"Nieleze usiku wa Jumanne, tangu ulipofika kazini."

"Nilifika. Nikawasha redio. Basi, afande."

"Redio ilikuwa inasema nini?"

"Mpira." Akanyamaza. Inspekta naye akanyamaza. "Halafu nikadhani umeme umekatika. Kumbe taa ya stoo tu ndiyo iliyozimika."

"Ulikuwa wapi?"

"Getini. Yule mwalimu nilikuwa simpendi, afande, sitakuficha. Alinidharau mbele ya watoto."

Swali lake la redio ni zuri. Halimpi mhojiwa jibu, na linamtoa kwenye maelezo aliyoyapanga. Ukimya pia umefanya kazi yake, mlinzi amezungumza ili aujaze. Na ukweli umetoka: alikuwa getini akaiona taa ikizimika kwa mbali, kwa hiyo siye aliyeizima. Inspekta hakuusikia, kwa sababu pale pale mlinzi alitamka chuki yake, na chuki hiyo inalingana na koti la kahawia.

Hatua ya 7: Tumia wasifu wa muuaji kama kishawishi

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walianzisha kitengo chao cha sayansi ya tabia mwaka 1972, na tangu hapo riwaya zimejaa wataalamu wanaofumba macho na kuutaja umri, kazi na utoto wa muuaji. Kazi halisi ya wasifu, yaani makisio ya muuaji ni mtu wa aina gani kutokana na alivyoua, ni ndogo na nyenyekevu zaidi: kupanga vipaumbele, kupendekeza namna ya kuhoji, kuuliza kama matukio mawili yanafanana. Ukigeuzwa kuwa ushahidi, huleta maafa. Mwaka 1992 mama kijana aliuawa mbele ya mwanawe mdogo katika Wimbledon Common, London. Polisi walimpata mtu aliyeonekana kulingana na wasifu, wakamtuma askari wa kike wa siri kumzoea kwa miezi kadhaa ili akiri. Hakukiri. Mwaka 1994 jaji aliutupa ushahidi huo. Muuaji wa kweli alipatikana na hatia mwaka 2008, na katikati ya hapo, mwaka 1993, alikuwa ameshamuua mama mwingine pamoja na binti yake mdogo.

Kwa hiyo mtaalamu wa wasifu akiingia kwenye riwaya yako, mpe maneno yenye busara, kisha mwonyeshe inspekta akisikia nusu tu ya maneno hayo. Mtaalamu aseme "huenda ni mtu anayeizoea shule". Inspekta aandike kwenye daftari lake: mlinzi.

Hatua ya 8: Panga dalili kwenye kadi, mara mbili

Chukua kadi za karatasi. Andika kila dalili kwenye kadi yake: taa, koti, madoa ya damu mgongoni, vitabu vya ada, daftari la mtoto. Nyuma ya kila kadi andika mambo mawili: dalili hii ina maana gani kweli, na mpelelezi anadhani ina maana gani. Dalili ambayo maana zake hizo mbili zinafanana haina kazi kubwa kwenye riwaya ya kisaikolojia. Ibakize kama ngazi tu, au itupe.

Kisha zipange mara ya kwanza kwa mpangilio wa ukweli, jinsi matukio yalivyotokea, na mara ya pili kwa mpangilio wa kitabu, jinsi msomaji atakavyokutana nazo. Ukiziweka safu mbili sambamba sakafuni utaona mashimo kwa macho yako. Utaona pia kama umemficha msomaji jambo ambalo mpelelezi analijua. Hilo usilifanye. Msomaji akitambua mwishoni kwamba inspekta alisoma barua sura ya 12 na wewe ukamnyima yaliyomo, atajiona ametapeliwa, na ana haki.

Njia ya uaminifu ya kuficha ni kuweka dalili kando ya kitu chenye kelele, kama taa ya stoo ilivyowekwa kando ya chuki ya mlinzi. Nyingine ni kuiweka katikati ya orodha, maana msomaji hukumbuka cha kwanza na cha mwisho. Nyingine ni kumpa mhusika asiyependeza aitamke.

Kuhusu sura za sauti ya muuaji zinazoingizwa katikati, jiulize tu zinampa nini msomaji. Zikimpa mateso ya mwathiriwa peke yake, zifute. Zikimpa ujuzi ambao inspekta hana, ili kila mara mpelelezi anapomkaribia mtu huyo tushike pumzi, zibakize na uzifupishe.

Hatua ya 9: Mrudishe nyumbani

Kazi ya kuangalia maiti huingia mwilini. Usingizi hukatika, harufu fulani humrudisha mtu mahali asipotaka, mazungumzo ya kawaida ya mezani huanza kuonekana ya mbali. Andika hayo kwa vitu, bila majina ya maradhi. Inspekta wetu ana mpwa wa miaka 7 anayelala kwake wikiendi. Mtoto anasema alimwona paka akiruka dirishani, inspekta anainuka saa nane usiku na tochi, na dirisha limefungwa kwa komeo tangu jana. Mtoto alikuwa anaota. Amwambie nini? Acha asimame pale na tochi. Tukio hilo halihusiki na kesi hata kidogo, na ndilo linalomtayarisha kwa kitakachokuja.

Hatua ya 10: Mwache ajisikie mwenyewe

Ufichuo wa riwaya ya aina hii uanze kabla ya pingu. Muuaji akikamatwa kwa sababu ya alama ya kidole iliyojitokeza sura ya mwisho, umeitupa kazi yote ya hatua ya kwanza. Ukweli lazima upite ndani ya kosa la mpelelezi, na yeye ndiye aupate, kwa gharama yake.

Mlinzi yuko mahabusu. Mwendesha mashtaka anataka maandishi ya mahojiano ya mtoto, na karani anaumwa, kwa hiyo inspekta anayachapa mwenyewe usiku, akisikiliza rekodi sentensi moja moja. Kuchapa kunamlazimisha asikie kila neno kwa zamu yake. Anasikia "mtu alizima taa ya stoo". Anasikia sauti yake mwenyewe, ya upole, ikisema "koti". Anarudisha nyuma. Anasikia tena. Anatafuta mahali ambapo mtoto alilitaja kwanza, na hakuna. Halafu, kwa mara ya kwanza, anasikia kilicho kwenye ule ukimya kabla ya jibu: kiti kikisogea, na mtu mzima akivuta pumzi.

Andika tukio hilo bila ufafanuzi. Usimpe hotuba ya kujilaumu. Mpe vidole vinavyoshindwa kubonyeza herufi. Baada ya hapo ana mambo mawili ya kufanya, na yote ni magumu: kumtoa mlinzi kwa kukiri maandishini kwamba yeye ndiye aliyepanda koti kinywani mwa shahidi, na kurudi kwa mtoto kumuuliza upya. Sura ya kurudi kwa mtoto iandike mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mama yake yupo safari hii. Inspekta anauliza swali moja tu, "Nieleze jioni ile", kisha ananyamaza, na ukimya huo uachie nusu ukurasa kabla mtoto hajafungua mdomo.